"Mwanangu, Hapa Mnauza Simba?"

Ukurasa wa mwanzo wa tovuti yetu ulinigharimu hela ya kikoba na wiki mbili za kununiana na mume wangu. Kama una biashara ndogo na unataka kuingia mtandaoni, soma kwanza haya kabla hujamlipa fundi.

Mpenzi msomaji, kuna maswali ambayo ukiulizwa na shoga yako unacheka, lakini ukiulizwa na mama mkwe unatamani ardhi ipasuke uingie.

Langu niliulizwa Jumapili moja mchana, kibarazani kwetu Engutoto. Tulikuwa tumemaliza kula, Mlima Meru umeshajifunika mawingu yake ya mchana, mume wangu akatoa simu kwa mbwembwe ili amwonyeshe mama yake tovuti ya biashara yetu. Mama akavaa miwani. Akatazama, akasogeza kidole, akatazama tena. Kisha akanigeukia mimi, wala si mwanawe.

"Mwanangu, hapa mnauza simba?"

Mimi nikacheka kile kicheko cha kuficha aibu. Mume wangu hakucheka kabisa.

Hatuuzi simba. Tunapangisha vyumba vitatu vya wageni, tulivyojenga uani kidogo kidogo kwa miaka minne: leo mifuko kumi ya saruji, mwezi ujao mabati. Wageni tuliowalenga ni wanaokuja kupanda Meru, wanaohudhuria mikutano pale AICC, na watu wa Dar wanaokuja kwenye harusi na mahafali ambao hawataki kulala kwenye kochi la shangazi. Ili watupate, nilikopa milioni moja na nusu kwenye kikoba chetu. Laki tisa nikampa fundi wa tovuti.

Miezi mitatu ikapita. Tukapata jumbe mbili tu. Mmoja aliuliza bei ya safari ya Ngorongoro. Wa pili aliomba kazi ya udereva.

Usiku wa Jumapili ile tukagombana. Nikamwambia, "Si wewe uliyemleta huyo fundi?" Naye akanijibu neno lililonichoma hadi kwenye mfupa: "Na wewe, Mama Watoto, si ndiye uliyesomea mawasiliano chuo kikuu?"

Basi, tukalala mzungu wa nne.

UKWELI UNAUMA

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Mimi kazi yangu ni uhariri. Kila mwezi nafyeka maneno ya watu kwa kalamu nyekundu bila huruma. Lakini maneno ya ukurasa wetu wa mwanzo nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, na yalianza hivi: "Karibu sana katika tovuti yetu. Tunajivunia kutoa huduma bora zenye viwango vya kimataifa kwa wateja wetu wapendwa." Angeniletea mwandishi wangu sentensi hiyo, ningemrudishia kabla hajakaa kitini.

Juu ya maneno hayo zilipita picha tatu kwa zamu: simba, Kilimanjaro, twiga. Hakuna kitanda. Hakuna mlango. Hakuna neno Engutoto. Pembeni kulikuwa na menyu ya vitu tisa, viwili kati yake vikisema "inakuja hivi karibuni". Namba ya simu ilikuwa chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani. Bei? Thubutu.

Sasa niambie, kweli mama alikosea? Alitazama akaona simba, akauliza simba. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ndiyo, kinajiuza, ila lazima kwanza kionekane.

MGENI HAKUSUBIRI

Baada ya kununa siku tatu nilirudi kwenye yale niliyosomea. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton kule Kanada, wakiongozwa na Gitte Lindgaard, walionyesha kwamba mtu huanza kuamua kama ukurasa unampendeza au haumpendezi ndani ya milisekunde 50. Yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde, hata kope hujapepesa. Mwaka huo huo Jakob Nielsen alifuatilia macho ya watu 232 wakisoma kurasa za mtandao. Aliona kwamba wengi hupitisha macho juu, kisha huteremka upande wa kushoto wakidonoa maneno ya mwanzo tu. Hawasomi kama unavyosoma barua ya mchumba.

Halafu kuna suala la bando. Mwaka 2016 Google walisema kwamba zaidi ya nusu ya wanaofungua kurasa kwa simu, asilimia 53, huondoka ukurasa ukichelewa zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Picha yetu ya simba ilikuwa na megabaiti tano. Mgeni yupo kwenye basi, ndo kwanza anapita Same, mtandao unakuja na kuondoka, sisi tunamsubirisha ateremshe simba mzima! Si ameshakwenda kwa jirani?

Hebu nenda Soko la Kilombero asubuhi umtazame mama anayeuza ndizi. Mafungu yako mbele, yamepangwa, ukiuliza bei unajibiwa papo hapo. Hakuanzii na historia yake wala hakwambii ana viwango vya kimataifa. Unaona ndizi, unajua bei, unatoa hela. Ukurasa wa mwanzo ni meza hiyo hiyo, tofauti ni kwamba wewe mwenyewe haupo kumwita mteja.

JARIBIO LA MAMA MKWE

Kutokana na aibu yangu nikatunga jaribio. Fungua ukurasa wako kwenye simu, si kwenye kompyuta kubwa ya fundi. Mpe mtu asiyeijua biashara yako. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, kisha mnyang'anye simu. Muulize mambo matatu tu:

Wanauza nini? Wako wapi? Ukitaka, unafanyaje?

Nilianza na muuza duka wa mtaani kwetu. Akasema, "Hao ni kampuni ya utalii, wako Serengeti." Dada wa saluni akasema hivyo hivyo. Bodaboda wa kona akasema, "Ni watu wa wanyama." Watu watatu, hakuna hata mmoja aliyetaja kitanda. Mchezo ulikuwa umeisha.

Hatua ya pili ikawa kutafuta wanachotaka kujua wageni. Hapo sikuhitaji kitabu. Tulikuwa tumeshapokea wageni wachache wa kuletewa na marafiki, na jumbe zao bado zilikuwa kwenye WhatsApp yangu. Nikakaa na daftari nikaandika kila swali lililoulizwa. Kumbe ni yale yale! Mko wapi hasa? Ni bei gani, na chai ya asubuhi imo? Maji ya moto yapo? (Wewe unayeijua Arusha ya Juni na Julai unaelewa kwa nini.) Umeme ukikatika? Gari nitaliweka wapi? Nalipaje?

Maswali sita. Hakuna aliyeuliza kama tunajivunia lolote.

Mpenzi msomaji, kama utasahau mengine yote, shika hili: ukurasa wa mwanzo si mahali pa kujisifu, ni mahali pa kumjibu mtu kabla hajauliza.

"UKIWEKA BEI, WATATUHESABIA"

Nikampelekea mume wangu daftari, tukiwa bado tunaongea kwa lugha ya "chakula kiko mezani". Akasoma, akakubali yote isipokuwa bei.

"Ukiweka bei, mtaa mzima utapiga hesabu. Vyumba vitatu mara siku thelathini. Kesho ndugu wako mlangoni wanakopa."

Usimcheke. Wafanyabiashara wengi wadogo wanaficha bei kwa sababu hiyo hiyo, ila wanakwambia "piga simu tuongee". Lakini anayepanga safari usiku wa manane akiwa Mwanza au Oslo hapigi simu. Anafungua ukurasa unaofuata. Asiyeona bei huhisi mambo mawili: au ni ghali, au atapangiwa bei kwa kuangaliwa sura.

Tulibishana hadi nikasema neno ambalo sikulipanga: "Basi tuondoe angalau huyo simba wako wa kuokota mtandaoni."

Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Huyo simba sikumwokota. Nilimpiga picha mwenyewe. Serengeti, 2019."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajisikia mdogo. Mume wangu alikuwa dereva wa watalii kwa miaka kumi na moja. Machi 2020, corona ilipotangazwa kuingia nchini, tena mgonjwa wa kwanza akiwa hapa hapa Arusha, wageni walikauka, magari yakaegeshwa, na yeye akarudi nyumbani. Kazi haikurudi tena kama zamani. Vyumba vya uani vilikuwa wazo langu, mkopo ulikuwa wangu, kikoba ni changu. Kwenye biashara ile nzima, kilichokuwa chake ni yule simba peke yake. Nami nilikuwa nataka kumfuta.

Usiku ule hatukuzungumzia tovuti tena. Tulizungumza mambo ambayo tulipaswa kuyazungumza miaka mitatu nyuma: nani anafanya nini nyumbani humu, nani anaonekana, na kwa nini mwanamume akipoteza kazi hupewa pole siku moja tu halafu kila mtu anategemea asahau. Ukitaka kuandika sisi ni nani, lazima kwanza ninyi wenyewe mkubaliane ninyi ni nani. Ndiyo maana kurasa nyingi za biashara za familia zimejaa maneno matamu yasiyosema kitu. Wenyewe hawajakaa kitako wakaongea.

Mzungu wa nne ukaishia hapo.

TULIVYOUPANGA UPYA

Tulichukua karatasi ya daftari, tukaikunja iwe na umbo la simu, tukachora kwa penseli. Ukurasa wa mwanzo uchore kwanza kwa mkono, hata kama hujui kuchora. Karatasi haina mbwembwe za kukudanganya.

Juu kabisa: picha moja. Chumba chetu cha kwanza asubuhi, dirisha limefunguliwa, kilele cha Meru kinaonekana. Mume wangu aliipiga kwa simu saa kumi na mbili na nusu, kabla mawingu hayajaja. Fundi mpya akaipunguza hadi ikawa chini ya kilobaiti 200, na kwa macho huoni tofauti.

Chini yake, sentensi moja: "Vyumba vitatu vya wageni Engutoto, Arusha, kwa wapanda Meru na wageni wa mikutano." Viwango vya kimataifa vimekwenda na maji.

Kisha bei. Shilingi 60,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo. Tumeiandika kwa shilingi, kwa sababu kanuni za mwaka 2025 zinakataza kupanga bei za huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni. Na hao ndugu wa kukopa? Wamekuja wawili. Tumewaambia ukweli kwamba vyumba havijai kila siku. Maisha yanaendelea.

Kisha kitufe kimoja kikubwa cha kijani kinachofungua WhatsApp. Kimoja. Ukimpa mgeni vitufe vitano, unampa kazi ya kuchagua, na mtu aliyechoka hachagui. Kwa watu wanaopenda kuongea, namba ya simu iko hapo hapo, na ukiigusa inapiga.

Halafu yale majibu mengine, mstari mmoja mmoja: maji ya moto yapo, jenereta ipo, gari linaingia ndani ya geti, unalipa kwa M-Pesa, benki au taslimu. Ramani nayo ipo, pamoja na maelezo ya kibinadamu ya kutoka Mnara wa Saa, maana ramani ya simu huwa inawapeleka wageni wetu kwenye uchochoro wa nyuma.

Na simba? Simba yupo. Yuko chini, pembeni ya picha ya mume wangu akiwa amesimama getini na shati lake la kazi, na maneno haya: "Mwenyeji wako ameendesha watalii kwa miaka kumi na moja. Muulize njia ya kwenda geti la Momella, na saa nzuri ya kuondoka." Biashara yoyote ya Arusha inaweza kuweka simba. Dereva aliyempiga picha huyo simba yuko kwetu tu. Simba yule yule aliyekuwa anapoteza wateja, akihamishwa mahali pake, anawaleta.

Lugha nayo ilitupa kazi. Mwanzo kila kitu kilikuwa Kiingereza, kana kwamba watu wa Dar na Dodoma hawalali hotelini. Sasa ukurasa unafunguka kwa Kiswahili, na juu kuna kiungo kimoja cha kuhamia Kiingereza. Usitafsiri neno kwa neno. Mgeni wa Oslo anahitaji kujua kwamba uwanja wa KIA uko kama kilomita 50 kutoka mjini na kwamba tunaweza kumfuata. Wa Dodoma anataka kujua basi litamshusha wapi.

WALIOTUTANGULIA

Usidhani mambo haya yameanza na intaneti. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, vijiji vya huku kwetu kama Ng'iresi, kwenye miteremko ya Meru, vilianza kupokea watalii chini ya mpango wa utalii wa kitamaduni. Tovuti ya kwanza duniani, ile ya Tim Berners-Lee, ilikuwa na miaka michache tu tangu 1991, na huku nani alikuwa na habari nayo? Wao walikuwa na vipeperushi. Ukipita ofisi ya Bodi ya Utalii pale Barabara ya Boma ulivikuta: utaona nini kijijini, utafikaje, ni kiasi gani, na sehemu ya pesa yako itasaidia nini kijijini, kama vile shule.

Karatasi moja, majibu yote. Huo ndio ukurasa wa mwanzo, haukuwa na umeme tu.

KABLA HUJAMLIPA FUNDI

Kata kipande hiki ukibandike kwenye friji.

1. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako, si la fundi. Majina yanayoishia na .tz huandikishwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Fundi wetu wa kwanza alijiandikisha yeye, na kulikomboa jina letu ilikuwa kesi.

2. Chagua jina fupi unaloweza kulitaja kwenye simu bila kurudia herufi mara tatu.

3. Omba nywila zote siku ya kukabidhiwa kazi, uziandike mahali salama. Uliza pia gharama za kila mwaka, usije ukashtukia tovuti imezimwa.

4. Picha ziwe za kwako. Picha ya kuazima mgeni akifika anaigundua mlangoni, na hapo umeshaitwa mwongo.

5. Usiweke kitu kinachosema "inakuja hivi karibuni". Kikija, kiweke.

6. Kubalianeni nani anajibu jumbe na ndani ya muda gani. Kwetu ni mume wangu, ndani ya saa moja mchana. Kitufe kisichojibiwa ni sawa na duka lililo wazi bila muuzaji.

7. Kila miezi mitatu rudia jaribio la mama mkwe. Bei zinabadilika, namba zinabadilika, wewe mwenyewe unasahau.

NA MAMA JE?

Sitakudanganya kwamba wageni walimiminika. Mwezi wa kwanza walikuja wanne. Lakini kilichobadilika ni jumbe zao. Zamani mtu aliuliza mambo kumi kisha akapotea. Sasa anaandika, "Tuko wawili, tunafika Ijumaa saa tisa, tutahitaji chumba chenye dirisha la mlima." Amemaliza. Mkopo wa kikoba nimeulipa wote, umechelewa miezi miwili, na faini nimelipa.

Mama mkwe alikuja tena Jumapili nyingine. Mume wangu hakutoa simu, safari hii niliitoa mimi. Mama akavaa miwani, nikahesabu hadi tano, nikamnyang'anya kwa heshima zote.

"Mnapangisha vyumba," akasema. "Viko hapa nyumbani. Mtu akitaka anabonyeza kile cha kijani." Akanyamaza kidogo. "Na mwanangu amependeza na lile shati."

Nikamwona mume wangu anageuza uso kuangalia mlima, ambao kwa wakati huo ulikuwa hauonekani kabisa.

"Lakini mbona hamkuandika habari ya jogoo wa jirani?" mama akaendelea. "Saa kumi alfajiri ananiamsha kila nikilala hapa. Mgeni hatalalamika?"

Tukatazamana. Jioni ile ile tukaongeza mstari mmoja chini ya maji ya moto: "Jirani yetu ana jogoo. Huwika saa kumi alfajiri. Wanaopanda Meru wanampenda."

Hadi leo, mpenzi msomaji, hakuna mstari unaotuletea wageni wenye furaha kama huo. Wanafika getini wanacheka, na cha kwanza wanachouliza ni jogoo yuko wapi. Kazi kwako.